Marehemu Aliyeuliza Kama Tumekula

Betri ikianikwa juu ya bati tangu asubuhi, kufikia saa nane mchana hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine chochote: kutu, chumvi, karatasi iliyoungua kidogo, na uchungu fulani unaokaa kwenye ulimi hata kama hukuilamba. Mimi niliilamba. Niliitafuna pia, kwa magego, nikifuata mafundisho ya mjomba wetu, Tonton Dido, aliyesema kwamba betri iliyochoka ni kama mzee anayesinzia, ukimfinya kidogo ataamka. Kwetu Kisangani tuliziita pile, kwa Kifaransa, na msimu ule wa mvua tulikuwa nazo nne tu, nne zilezile, zenye alama za meno yangu, ya mdogo wangu Pépé na ya Tonton mwenyewe. Kila jua lilipochomoza tulizipanga juu ya bati la jiko. Kila alasiri tulizishusha zikiwa za moto, tukazirudisha kwenye radio kaseti, tukabonyeza kitufe, na marehemu akaanza kuzungumza.

Ngoja nieleze kwanza huyo marehemu, maana katika habari hii wamo wawili na nisingependa uwachanganye. Wa pili yumo ndani ya kaseti, tutamfikia. Wa kwanza ni Papa. Papa alikuwa mvuvi wa maporomoko, kama babake na babu yake, na uvuvi wa pale si wa kukaa kitako na ndoano. Wanaume huchomeka magogo marefu kwenye matundu ya miamba katikati ya mkondo, huyafunga kwa kamba za mwituni na kuning'iniza mitego ya kusuka mipana kama mlango, kisha asubuhi na jioni huenda kuitazama wakipita juu ya magogo hayo kwa miguu mitupu. Maji yananguruma mchana kutwa. Anayetaka kusikika lazima sauti yake itoke chini ya mbavu, na Papa aliitoa huko hata akiwa chumbani. Hakujua kunong'ona, maskini. Siri zake zote mtaa mzima ulizijua. Aliporudi nyumbani, kabla ya kutua samaki na kabla ya kumsalimu Mama, aliuliza swali lilelile akiwa bado nje ya mlango: “Batoto balisha kula?” Yaani, watoto wameshakula? Na batoto wenyewe tulikuwa mbele yake, midomo imejaa lituma, ndizi zetu za kupondwa, tukicheka kwa sababu hatukuweza kumjibu. Naandika Kiswahili nilichokipata vitabuni, na ndicho ninachofundishia sasa shuleni, lakini watu wangu hawakuzungumza hivi. Watakaposema kitu nitawaacha waseme kwa mdomo wao.

Nilikuwa na miaka kumi msimu wa maji makubwa, gogo moja lilipoachia na Papa akaenda nalo. Walimpata siku ya tatu, chini kabisa, wakamleta, tukamzika. Watu walikaa matanga, kwaya ikaimba, majirani wakaleta viti wakavirudisha. Baada ya hapo nikaacha kula. Sikuamua. Watu wazima hudhani mtoto anayekataa chakula anafanya jeuri, lakini haki ya Mungu, koo lilikuwa limejifunga lenyewe. Nilitia tonge mdomoni, nikatafuna, nikaendelea kutafuna, na mwisho nikaenda kulitema nyuma ya jiko ambako bata wa jirani walikuwa wamenenepa kwa msiba wetu. Samaki ndiye sikuweza hata kumtazama. Mama alikuwa mtu wa mtoni kutoka upande wa Isangi, mwanamke wa maneno mengi na vicheko vya kusikika mbali, lakini sasa alikuwa amenyamaza. Alikwenda sokoni na samaki wake wa moshi, akarudi, akafagia ua mara mbili pale pale. Jina la Papa hakulitaja.

Aliyehesabu matonge yangu ni Tante Véro. Alikuwa dada mkubwa wa Papa, nyumba yake ilipakana na yetu, na kabla ya msiba alinipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote isipokuwa huyo mdogo wake. Sasa aliitazama sahani yangu, kisha akanitazama mimi. Kwetu kuna fikra moja ambayo kila mzazi anaijua na hakuna anayependa kuitaja: mtoto asiyekula mchana, uliza anakula wapi usiku. Katika chumba cha maombi alikokwenda Tante, walifundisha kwamba mtoto aweza kumla babake bila kufungua mdomo, na mtoto wa namna hiyo huitwa ndoki, mchawi. Neno hilo likikushika hakuna sabuni ya kulitoa. Wanaoitwa hivyo hufungiwa humo siku saba bila chakula, kwa maji ya kulowesha ulimi tu, wakiombewa mpaka waungame. Kulikuwa na msichana wa mtaa wetu aliyetoka huko ameungama mambo ambayo hata majina yake hakuyajua kabla ya kuingia. Hakucheza nasi tena. Nilimwona akipita karibu na ukuta, nikajua kwamba njia ile ilikuwa imeanza kunielekea na mimi, sahani kwa sahani.

Hapo ndipo alipotokea Tonton Dido. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ingawa ukimwona siku ile, amelowa, viatu vya mzungu vimempwaya, usingedhani kuna atakayeponywa naye. Alikuwa mdogo wake Mama. Kwa miaka miwili alikuwa amekaa kwenye msitu wa Masako, akibeba mizigo na kufyeka njia kwa ajili ya mtafiti mmoja aliyekuja kuchunguza panya. Naam, panya. Tonton alisema mzungu yule aliwajua panya wa Masako kwa majina kuliko alivyowajua watu. Alipomaliza panya wake alirudi kwao, akamwachia Tonton viatu, chandarua, radio kaseti yenye betri zilizochoka, na kaseti moja ambayo karatasi yake ilikuwa imeliwa na unyevu, ikabaki picha ya saa ya ukutani iliyochorwa kwa kalamu.

Siku ya kwanza alituketisha kwenye mkeka, mvua ikianza kugonga bati. “Bon,” akasema. “Mutulie. Hii haiko muziki ya kucheza.” Alisema kweli. Tulizoea rumba, na rumba ni muziki mwaminifu, tangu nyuzi za kwanza inakuambia inakupeleka wapi. Huu haukuwa hivyo. Ulianza kwa upepo. Kisha saa ikagonga, kisha bawaba ikalia, kisha kikaja kinanda cha kanisani, lakini kanisa lenyewe lilikuwa kama lile ambalo waumini wamekwenda zao na mpiga kinanda hakuambiwa. Ngoma zikaingia kwa fujo zikakatika ghafla. Filimbi ikalia peke yake mahali fulani mbali. Watoto wasioonekana wakaimba, halafu wakacheka, na kicheko chao hakikuwa cha kucheka kitu. Ulikuwa wimbo mmoja tu kwa upande mzima wa kaseti, na kila nilipodhani nimeshaujua ukavua nguo yake ukavaa nyingine. Mwishoni zilisikika hatua za mtu, nzito, zikipanda ngazi, zikasimama. Na mtu huyo akasema. Hakuimba, alisema, kwa sauti nene iliyojikokota na kutetemeka kidogo, maneno machache aliyoyarudia mara tatu. Nywele za mikono yangu zilisimama. Ilikuwa sauti ya Papa.

Sikudanganyi. Haikufanana na ya Papa kidogo, wala haikunikumbusha tu. Ilitoka chini ya mbavu vilevile, na ilikuja kutoka nje ya mlango vilevile. Pépé alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wa Tonton, jicho moja limebaki nje. Mimi nilisogea mbele mpaka goti langu likagusa radio. Nikamuuliza Tonton yule mtu ni nani na anasema nini. Tonton alinitazama. Macho yake yakaenda kwenye sahani yangu, ambayo ilikuwa pale mkekani tangu saa sita, pondu, kisamvu chetu, imekauka juu yake, nzi wakiifanyia mkutano. Akajikuna shingo. Akaniambia huyo ni mtu aliyekufa, lakini hakufa vibaya, na kila mvua ikinyesha anapanda mpaka mlangoni kwake kuuliza kitu kimoja. “Anauliza nini?” nikasema. “Anauliza: batoto balisha kula?” Nikamuuliza ni lugha gani hiyo. Akanijibu, bila kupepesa, kwamba ni lugha ya kule, na kwamba miaka miwili na mzungu si mchezo. “Na sasa anangoja,” akaongeza. “Kama hakuna mutu wa kumujibu, atasimama na mvua pale pale.”

Nilikula. Tonge la kwanza lilipita kama jiwe, la pili likapita. Mtu hawezi kumdanganya marehemu, kila mtoto anajua hivyo, na mimi sikutaka asimame mvuani. Kesho yake nilikula kabla hajauliza, ili awe na jibu tayari. Na hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda: asubuhi pile juani, alasiri kaseti, na mimi katikati nimekula, nikisubiri hatua za ngazini ili niseme kwa sauti, “Ndiyo, tulisha kula.” Tonton aliufanya kuwa mchezo kamili. Alijifunika kitenge cha Mama kichwani, akashika kifuniko cha sufuria, na hatua zilipoanza alitembea bila kukunja magoti kuzunguka chumba, akasimama mlangoni na kukigonga kifuniko pale kengele ya saa ilipogonga. Pépé alipiga yowe mpaka akakauka sauti, na baada ya yowe alitaka turudie: “Encore!”

Watu wamewahi kuniuliza mtoto aliyefiwa anapendaje muziki wa kutisha. Naona ni sawa na kumuuliza mwenye njaa anapendaje chakula. Baada ya mazishi kila mtu aliniambia maneno matamu: Papa amepumzika, Papa yuko pazuri, nyamaza usilie. Nyimbo walizoniimbia zilikuwa na tabasamu. Wakati wenyewe nilikuwa naogopa usiku na mchana, na hofu yangu haikuwa na mlango wala dirisha. Muziki ule ndio wa kwanza kuniambia ndiyo, mambo yanatisha, tazama jinsi yanavyotisha, kaa hapa tuogope pamoja. Hofu yake ilikuwa na mwanzo na mwisho. Ilikuwa na kitufe. Nikiogopa sana niliuzima, nikapumua, nikauwasha tena. Niliupenda kwa moyo wangu wote na hata leo sioni aibu kusema hivyo.

Mama peke yake hakukaa nasi. Tulipobonyeza kitufe alichukua fungu lake la majani ya muhogo akatoka nje, na mimi nikadhani anauchukia. Tante Véro naye alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alisikia kinanda, akasikia vicheko vya watoto ambao si sisi, akasikia sauti ya mwanaume kwenye nyumba isiyo na mwanaume wa sauti ile, na akanisikia mimi nikiijibu. Sasa usimhukumu haraka. Usilolijua ni usiku wa giza, na yeye alikuwa amempoteza mdogo wake aliyembeba mgongoni tangu utotoni. Alitafuta wa kumlaumu kwa sababu kuulaumu mto hakumsaidii mtu. Jumamosi moja mchana alifungua mlango wa ua wetu bila kubisha, nyuma yake mama wawili wa maombi waliovaa nyeupe, na nyuma yao pasta mwenyewe, mwanaume mfupi aliyebeba megafoni begani kama wengine wanavyobeba mfuko, kwa sababu jioni alihubiri kwenye njia panda.

“Huyu mutoto anaongea na mufu,” Tante akasema, akininyooshea kidole. “Nilimusikia na masikio yangu. Anamujibu.” Akamwambia Mama nijiandae, nitakwenda nao siku hiyo hiyo, siku saba. Mama alisimama mbele yangu. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Mmoja wa wale mama alianza kuimba polepole. Niliona wazi kabisa jinsi nitakavyotoka kwenye chumba kile, nikipita karibu na ukuta, bila rafiki.

Tonton Dido alitoka ndani na radio mikononi. Alimsalimu pasta kwa heshima zote, akampa kiti, akamuuliza kama ni desturi yake kuhukumu kitu asichokisikia. Pasta, namshukuru mpaka kesho, alifikiri kidogo akasema hapana, haiko desturi yake. “Donc usikie kwanza,” Tonton akasema. “Lakini, Pasta, pile zangu ziko za kufa. Utasikia nusu. Tia zako, tusikie yote vizuri.” Nilimtazama Tonton kama mtu aliyeniuza. Kwa pile mbovu sauti ya Papa ilitosha kumsimamisha mtu nywele. Kwa pile mpya ingejaza ua, ingevuka ukuta, mtaa mzima ungemtambua, na hapo mimi kwisha habari yangu. Pasta alifungua megafoni yake, akatoa pile nne zinazong'aa, akazipanga mwenyewe ndani ya radio, akabonyeza.

Upepo ulipita mbio. Saa iligonga kama mtu anayepigilia misumari. Halafu kinanda kikaanza kukimbia, jamani, kikikimbia kama mwanafunzi aliyesikia kengele akiwa bado njiani, ngoma zikimfukuza, na wale watoto wa kutisha wakaimba kwa vijisauti vya vifaranga. Hatua za ngazini zilikuwa za mtu mwepesi aliyevaa viatu vya mjini. Akasimama. Akasema. Mungu wangu! Sauti nyembamba, ya puani, ya bwana mmoja anayegombana na karani dirishani kwa sababu ofisi inakaribia kufungwa. Aliyecheka kwanza ni Pépé. Alicheka akaanguka. Mama mmoja wa maombi akajishika midomo, mabega yakawa yanaruka. Na Tante Véro, aliyekuwa hajacheka tangu mazishi, alitoa sauti ya kukohoa, akaiziba kwa kanga, ikamshinda, akacheka mpaka akakaa chini mchangani, na hapo chini kicheko kikageuka kilio, akamlilia mdogo wake kwa sauti kubwa kama alivyopaswa kumlilia tangu mwanzo. Mama aliniachia mkono akaenda kukaa naye.

Pasta alikuwa mtu wa haki, alisikiliza mpaka upande wa kaseti ukaisha. Ndipo akasema, “Mama Véro, huyu haiko pepo. Huyu iko na haraka tu.” Akaniuliza kama ninakula siku hizi. Nikaletewa sahani, nikala mbele yao wote, samaki ndani yake, mpaka mwisho. Akaombea nyumba, akatoa pile zake akazirudisha kwenye megafoni, akaenda kuhubiri. Hivyo ndivyo nilivyopona. Kila mtu alifurahi, na mimi nikaenda nyuma ya jiko nikalia kuliko nilivyolia siku ya kaburi, kwa sababu nilikuwa nimeokolewa, na Papa hayupo tena. Alikuwa bwana wa puani tangu mwanzo, pile zilizochoka ndizo zilizomvuta polepole zikamnenepesha sauti. Tonton alinifuata, nikamwambia, “Umemuua.” Hakujitetea. Alisimama pale na viatu vyake vya kupwaya, akasema tu, “Ndiyo, Mado. Ni mimi.” Sikuzungumza naye siku nne.

Siku ya tano niliamka nikaona pile ziko juu ya bati, zimepangwa vizuri kwa mstari, na si mimi niliyezipanga, wala Pépé, wala Tonton aliyekuwa bado amelala. Alasiri Mama alizishusha mwenyewe, akazipuliza vumbi, akaiuma moja kwa jino la pembeni kama mtu aliyewahi kuona inavyofanywa. “Njoo,” akaniambia. “Njoo tusikie Papa yako.” Nilimtazama nisiamini. Akasema kumbe, nilidhani alikuwa anakwenda wapi na majani yale kila siku? Alikuwa anakaa nyuma ya ukuta wa jiko, fungu lilelile la majani mkononi, akimsikia mume wake na kuona haya mbele yetu. Tukabonyeza. Pile zile mbovu zikakivuta kinanda taratibu kutoka kilindini, watoto wakarudi kuwa watoto wa kutisha, hatua zikawa nzito, na yeye akafika mlangoni na sauti yake ya chini ya mbavu akauliza. Nilifungua mdomo, lakini Mama aliniwahi. “Balisha kula, Papa Mado,” akasema. “Balisha kula bote.” Ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu tulipomzika.

Tulimsikiliza hivyo mpaka mvua zikaisha. Kila wiki pile zilichoka zaidi, sauti ikazama zaidi, ikawa mngurumo, ikawa kama maporomoko yenyewe yakisikika kwa mbali, na alasiri moja tukabonyeza, utepe haukusogea. Hakuna aliyelia. Mto ulimchukua Papa kwa dakika moja. Pile zile zilimchukua kwa miezi miwili, na katika miezi hiyo kila mmoja wetu alipata nafasi ya kumuaga. Tante Véro, Mungu amrehemu, tangu Jumamosi ile hadi anafariki hakupika bila kuniwekea sahani. Neno la msamaha hakulisema, ila kipande cha kichwa cha samaki, kile kinono, kilikuwa changu daima.

Siku hizi nyumba yetu ina taa ya jua na mtoto wa shule ya msingi anaijua simu kuliko ninavyojua dua. Hakuna anayetafuna betri, zikichoka zinatupwa. Pépé ana chumba chake mtaani Mangobo ambamo anarekodi kwaya kwa kompyuta, na mwaka huu, kwa utani tu, aliiimbia simu yake mdundo wa kile kinanda kwa kuguna, simu ikamletea nyimbo kumi, ya tisa ikawa ndiyo. Nililia. Kisha nikasikiliza, na alikuwa yule bwana wa siku ya pasta, mwenye haraka, safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja. Pépé aliitafsirisha simu maneno yake. Ni hadithi ya tajiri aliyefungiwa ndani ya saa yake ya ukutani, na mara tatu anauliza: nani ana ufunguo? Hakuna watoto humo. Hakuna chakula. Nikampigia simu Tonton Dido, ambaye sasa ni mzee mwenye shamba upande wa Bengamisa, nikamwambia tumemgundua, mwongo mkubwa we. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kule Masako aliusikia muziki ule miaka miwili na pile mpya za mzungu, alijua tangu mwanzo jinsi unavyokimbia. “Ile luga sikuijua hata kidogo,” akasema. “Nilikuwa naangalia wewe na sahani tu.” Basi siku ile ya pasta alijua vilevile atakachonipokonya na atakachonipa, na alichagua, na akakaa siku nne akinuniwa na mtoto wa miaka kumi bila kujitetea. Nikamwambia asante, iliyochelewa miaka yote hiyo.

Ningesimulia haya kama ya kale tu, lakini Mama anaumwa. Si ugonjwa wa jina. Ni uzee, na koo limejifunga. Kila mtu anamwambia maneno matamu. Mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nilikuwa nambembeleza kwa tabasamu lilelile nililolichukia. Wiki iliyopita nilimwomba Pépé aushushe ule wimbo, uwe kama ulivyosikika kwa pile zilizochoka. Mwanzoni aliupunguza mwendo tu, sauti ikabaki nyembamba, mtu wa puani mwenye usingizi. Ikabidi aizamishe na sauti yenyewe, kidogo kidogo, mimi nimefumba macho, mpaka nikamwambia: hapo. Tuliuleta kwa Mama alasiri, mvua ikianza. Alikuwa ameegemea mto wa kitandani, sahani ya lituma kando yake haijaguswa. Upepo, saa, bawaba, kinanda. Aligeuza kichwa. Hatua zilipanda ngazi zikasimama, na ile sauti ikauliza mara ya kwanza, ikauliza mara ya pili. Mama alitazama mlango, akatazama sahani, na usoni akawa na haya kama msichana aliyekamatwa.

“Bado, Papa Mado,” akasema, na akanyoosha mkono kwenye sahani.